Maswali ya Wasomaji: Nimeingia Ndani ya Vim, Nitokeje?

Barua kadhaa zilizoifikia safu hii kwa ajili ya toleo hili zinahusu jambo moja, nalo ni kuhariri mafaili ndani ya terminali, ile skrini nyeusi isiyo na menyu wala kipanya, hasa kwa kutumia programu ya Vim au mzazi wake anayeitwa vi. Nimeonelea nizijibu kwa pamoja badala ya kuzitawanya katika matoleo tofauti, kwa kuwa jibu la barua moja linategemea jibu la nyingine. Nimezifupisha bila kugusa maana yake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi msaidizi wa kompyuta hapa Mbeya. Mwezi uliopita mkuu wangu wa kazi alinielekeza niingie kwenye seva kwa njia ya SSH, ile ya kuingilia kompyuta ya mbali kwa terminali, nibadilishe mstari mmoja tu katika faili la mipangilio. Niliandika vi na jina la faili, likafunguka vizuri, lakini nilipoanza kuandika, herufi nyingine hazikuonekana, nyingine zilijitokeza mahali nisipopataka, na mistari miwili ikapotea. Nilibonyeza Ctrl na C bila mafanikio, nikabonyeza Ctrl na Z nikadhani nimetoka, kumbe sikutoka. Mwishowe nilifunga dirisha zima. Siku nyingine nitokeje humo? Na kwa nini watu wanang'ang'ania kitu kigumu namna hii ilhali kihariri chepesi cha nano kipo?

JIBU: Marahaba. Tuanze na mlango wa kutokea, mengine yatafuata. Bonyeza kitufe cha Esc mara mbili, kisha andika :q! na ubonyeze Enter. Nukta mbili zilizo mwanzoni mwa amri hiyo hukupeleka chini kabisa ya skrini, mahali pa kuandikia maagizo. Herufi q ni ya kuondoka. Na alama ya mshangao inamaanisha kwamba unaondoka bila kuhifadhi ulichobadilisha. Ukitaka kuhifadhi kwanza, andika :wq badala yake. Ukiandika :q peke yake huku kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, Vim itakataa na kukuonyesha kosa namba E37, na hapo inakulinda, haikukomoi. Ctrl na Z nayo haifungi programu. Huilaza tu nyuma ya pazia ikiwa na faili lako wazi, na ukiandika fg kwenye terminali inaamka pale pale ulipoiacha. Wala usione haya kwa kunaswa, kwa sababu mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow, ambako waandishi wa programu huulizana maswali, ilitangaza kwamba swali la namna ya kutoka ndani ya Vim limekwisha kutazamwa zaidi ya mara milioni moja.

Sasa tutazame kilichokupata. Vim ina hali kadhaa, na kitufe kilekile hufanya kazi tofauti kulingana na hali uliyomo. Inapofunguka huwa katika hali ya kawaida, ambamo herufi hazina wino. Ni zana za kutembea, kukata, kunakili na kubandika. Ili uandike, sharti kwanza uingie katika hali ya kuandika, na njia nyepesi ni kubonyeza i, ndipo neno INSERT litokee chini ya skrini. Esc hukurudisha katika hali ya kawaida. Chukulia kwamba ulitaka kuandika neno "jina" bila kujua haya. Herufi j ilishusha kasa mstari mmoja (kasa wa skrini, ile alama inayopepesa, si yule wa baharini), herufi i ikafungua hali ya kuandika, na herufi mbili tu za mwisho, "na", ndizo zilizoingia kwenye faili, tena katika mstari ambao hukuukusudia. Ukijaribu "badili", b itarudisha kasa nyuma neno moja, a itafungua hali ya kuandika, na faili litapokea "dili". Programu haikuharibika hata kidogo. Ilitii kila ulichoiagiza, ila wewe hukujua kwamba unaiagiza.

Mpangilio huu una historia yake. Kihariri cha ed, alichokiandika Ken Thompson mwaka 1969, kilishughulikia mstari mmoja mmoja bila kukuonyesha ukurasa. Huko London, katika Chuo cha Queen Mary, George Coulouris alikiboresha na kukipa jina la em, akimaanisha kihariri cha binadamu wa kawaida, kwa kuwa aliona ed haikuwafaa wanadamu. Alipoipeleka kazi hiyo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1976, mwanafunzi mmoja aitwaye Bill Joy aliichukua akaijengea juu yake, na mwisho wa safari hiyo ndipo vi ilipozaliwa. Joy alikuwa akifanya kazi akiwa nyumbani kwa modemu ya kasi ya bodi 300, ambayo hupitisha herufi zipatazo 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja ina nafasi 1,920, maana yake kuichora upya ukurasa mzima kungechukua zaidi ya dakika moja. Mtu wa namna hiyo hawezi kumudu menyu. Anahitaji agizo la herufi moja au mbili linalofanya kazi kubwa, na ndivyo alivyoijenga. Yeyote aliyewahi kuhariri faili la seva iliyo ng'ambo kwa kutumia intaneti ya simu, akabonyeza kitufe na kusubiri matokeo yafike, ataelewa haraka kuliko aliyezoea mtandao wa kasi kwa nini muundo huo haujafa.

Kuhusu nano, nakuambia waziwazi kwamba kama unahariri faili moja kwa mwezi, itumie bila kujilaumu. Njia ya kutoka imeandikwa chini ya skrini yake muda wote, yaani Ctrl na X. Hata hivyo, nano si lazima iwepo katika kila mashine, ilhali vi imeandikwa katika kanuni za POSIX za mifumo ya jamii ya Unix, na toleo lake dogo limo hata ndani ya BusyBox, mkusanyiko wa zana unaowekwa katika vifaa vidogo kama ruta. Tena kuna siku amri ya crontab -e (ya kupanga kazi zijiendeshe kwa ratiba) au Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili) itakufungulia vi bila kukuuliza. Kwa hiyo jua angalau i, Esc, :wq na :q!, hata kama hutajifunza kingine.

Niongeze onyo moja lililonigharimu. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, nilihariri faili la mipangilio huku Caps Lock ikiwa imewaka bila mimi kujua. Nilikusudia kubonyeza j ili nishuke mistari minne. Lakini J kubwa kazi yake si kushuka, ni kuunganisha mstari uliopo na ule unaofuata. Mistari mitano ikawa mmoja. Mstari niliokuwa nikiutazama ulikuwa juu yake, nikaubadilisha, nikahifadhi, nikaenda zangu nyumbani, na usiku huo seva ilipowashwa upya huduma ikakataa kuanza. Ningeona mapema, kubonyeza u mara nne kungetendua yote. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa faili la mipangilio, hulinakili kwanza kwa amri ya cp na kuliongezea neno "zamani" mwishoni mwa jina lake.

SWALI: Kwako mwandishi wa safu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Mombasa. Nimechapisha karatasi yenye amri zaidi ya mia moja za Vim na kuibandika ukutani. Nakariri usiku, asubuhi nimesahau. Wenzangu wanaotumia kipanya wananipita kwa kasi. Je, nivumilie au niache?

JIBU: Ndugu yangu, ing'oe karatasi hiyo. Anayejifunza Kiswahili hakariri "nitampigia", "tulimpigia" na "hawakunipigia" kama maneno matatu yasiyohusiana. Hujifunza viambishi na mzizi, kisha huunda maneno ambayo hajawahi kuyasikia. Vim nayo ina sarufi, na karatasi yako imekuficha sarufi hiyo kwa kuipanga kama kamusi.

Vitenzi unavyovihitaji kwa kuanzia ni vitatu: d ya kufuta, c ya kufuta na papo hapo kuingia katika hali ya kuandika, na y ya kunakili. Kila kitenzi husubiri kuambiwa kitende wapi. Herufi w inasema hadi mwanzo wa neno linalofuata, alama ya dola inasema hadi mwisho wa mstari, ip inasema aya nzima uliyomo, na i ikifuatwa na alama ya kunukuu inasema kilichomo ndani ya alama za kunukuu. Basi dw hufuta neno, d$ hufuta hadi mwisho wa mstari, yip hunakili aya, na cip huifuta aya ili uiandike upya. Ukikirudia kitenzi chenyewe, kama dd au yy, unamaanisha mstari mzima, na ukitanguliza tarakimu, kama 3dd, unamaanisha mistari mitatu. Ukijifunza kitenzi kipya kimoja, kinakubali mahali pote unapopajua tayari, na ukijifunza mahali papya, panavikubali vitenzi vyote. Herufi p hubandika ulichonakili au kufuta, u hutendua, na Ctrl pamoja na R hurudisha ulichotendua.

Chukua mfano huu. Una faili lenye mstari unaosomeka hivi:

mji = "Dar es Salaam"

Kasa iko mwanzoni, juu ya herufi m. Mtu wa kipanya atalenga kabla ya D, ataburuta hadi m ya mwisho, ataangalia asiguse alama ya kunukuu, kisha ataandika. Wewe unaandika ci" na Vim inaruka yenyewe hadi ndani ya alama za kunukuu, inasafisha maneno yote matatu, inakuachia nafasi. Unaandika Tanga, unabonyeza Esc. Sasa shuka hadi mstari mwingine wa aina hiyo, hata ukiwa na mji tofauti, ubonyeze kitufe cha nukta. Nukta hurudia badiliko la mwisho lote, yaani kufuta kilichonukuliwa na kuandika Tanga. Kama ningelazimishwa kubaki na kitufe kimoja cha Vim, ningebaki na hicho.

Nukta inapoungana na kutafuta ndipo wenzako watakapoanza kukuuliza. Tuseme orodha yako ina jina Tabora katika mistari thelathini, na baadhi tu, si yote, inapaswa kuwa Tanga. Andika /Tabora na Enter, kisha cw, kisha Tanga na Esc. Kuanzia hapo herufi n inakupeleka kwenye Tabora inayofuata. Unaisoma, ukikubali unabonyeza nukta, ukikataa unabonyeza n tena na kuendelea. Ipo pia amri ya :%s/Tabora/Tanga/gc inayofanya kazi hiyo kwa faili zima huku ikikuuliza kila mara, lakini mimi kwa orodha fupi napendelea n na nukta, kwa kuwa ninaweza kusimama katikati nikarekebisha jambo jingine.

Kuhusu kasi, wenzako wataendelea kukupita kwa wiki mbili hivi, na hilo ni la kawaida. Tena faida ya Vim ipo zaidi katika kurekebisha kilichokwisha kuandikwa kuliko katika kuandika kipya. Anayetunga insha kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma hataona tofauti kubwa. Kwa sasa funga vitabu, andika vimtutor kwenye terminali yako, nawe utafunguliwa somo la nusu saa hivi ambalo ni faili halisi la kufanyia mazoezi. Lirudie siku tatu mfululizo. Baada ya hapo ongeza amri moja kila unapochoshwa na jambo fulani, si kabla.

Wapo walimu wanaokataza vitufe vya mishale na kulazimisha h, j, k na l. Sioni haja ya kumtesa mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Herufi hizo zilichaguliwa kwa sababu terminali ya ADM-3A aliyoitumia Joy ilikuwa na mishale imechorwa juu ya vitufe hivyohivyo. Esc nayo ilikuwa kushoto kwa Q, mahali ilipo Tab leo, ndiyo maana yeye hakuona taabu kuibonyeza kila mara ilhali wewe unanyoosha kidole hadi pembeni. Ctrl pamoja na mabano ya mraba ya kufungulia hufanya kazi ileile ya Esc bila kuhamisha mkono.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mfasiri na ninaishi Kigoma. Nilikuwa nikiandika kwa Vim umeme ukakatika. Nilipofungua faili tena nilikuta onyo refu lenye namba E325 na herufi za kuchagua. Niliogopa, nikafunga. Je, kazi yangu imepotea?

JIBU: Haijapotea, au iliyopotea ni kidogo sana. Unapofungua faili, Vim huandika faili la akiba lililofichwa katika folda hiyohiyo, ambalo jina lake huanza kwa nukta na kuishia kwa .swp, na kwa mipangilio ya kawaida hulipeleka kwenye diski kila baada ya herufi 200 au unapotulia kwa sekunde 4. Onyo ulilolikuta linasema kwamba faili hilo la akiba bado lipo, kwa hiyo ama umeme ulikatika, ama faili limefunguliwa mahali pengine wakati huohuo. Soma mistari ya onyo kwanza. Ikisema kwamba programu iliyolifungua bado inaendelea kufanya kazi, bonyeza Q na ukatafute dirisha hilo.

Kama sivyo, bonyeza R ili maandishi yarudishwe. Usihifadhi juu ya faili la awali papo hapo. Liandike kwa jina jingine, kwa mfano :w tafsiri-mpya.txt, kisha toka na ulinganishe mafaili mawili kwa amri ya vim -d ikifuatwa na majina yao, nawe utayaona yakiwa ubavu kwa ubavu huku tofauti zikiwa zimepakwa rangi. Ukiridhika, futa faili la .swp wewe mwenyewe, maana usipolifuta onyo litarudi kila siku. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kubonyeza D mwanzoni ili onyo liondoke, na linapoondoka huenda na aya zao.

Kwa wanaofanya kazi kwenye seva za mbali na mtandao unaokatika, ni heri kufungua Vim ndani ya tmux, programu inayotunza terminali ikiwa wazi kwenye seva, kwa sababu hapo mtandao ukikatika programu hubaki hai kwenye seva, na ukirudi unaandika tmux attach na kuikuta kasa ilipokuwa.

SWALI: Vim yangu huganda kabisa ninapobonyeza Ctrl na S ili kuhifadhi. Nifanyeje? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Bonyeza Ctrl na Q. Iliyoganda ni terminali, si Vim. Ishara hizo mbili za kusimamisha na kuruhusu maandishi ni urithi wa enzi za mashine za teleprinta. Uliyoyabonyeza wakati imeganda yatatekelezwa kwa mkupuo, kwa hiyo subiri utazame kilichotokea kabla ya kuendelea.

SWALI: Mwalimu, nikifungua Vim bila faili naona maneno yanayoomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Mimi ni wa Bukoba, jirani kabisa na Uganda, nikashangaa. Je, ni utapeli au kirusi?

JIBU: Si utapeli wala kirusi. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeiandika Vim kwa ajili ya kompyuta yake ya Amiga na kuitoa kwa umma mwaka 1991, alikwenda Uganda mwaka 1994 na kujitolea kwa mwaka mmoja akiwa mhandisi wa maji na usafi wa mazingira. Alifanya kazi katika kituo cha watoto cha Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, upande wa Rakai, si mbali na mpaka wenu. Usiuchanganye na wilaya ya Kibaale iliyoko magharibi mwa nchi hiyo. Eneo hilo lilikuwa limeathiriwa vibaya na UKIMWI, na watoto wengi walikuwa wamebaki bila wazazi. Aliporudi Uholanzi hakuiwekea bei programu yake. Aliiacha bure, akawaomba wanaoipenda wakichangie kituo hicho, na ombi hilo likabaki kwenye skrini ya kwanza miaka yote. Alifariki dunia mwezi Agosti 2023, na toleo la 9.1 lililotolewa Januari 2024 liliwekwa wakfu kwa kumbukumbu yake. Kazi ya kuitunza Vim inaendelezwa na wenzake.

Ukitaka kusoma maelezo aliyoyaandika mwenyewe kuhusu kituo, shule na mabomba ya maji ya Kibaale, andika :help uganda na Enter. Dirisha litagawanyika na maandishi yatafunguka juu. Ukimaliza, :q ya kwanza itafunga maelezo, na ya pili itakutoa nje.